Jipu la kwapani linalorudi rudi siyo uchafu

Habari zenu mama zangu, dada zangu, na nyie vijana wa boda mliosimama pale kivulini, sogeeni basi maana ya leo yanawahusu pia. Asante sana mwenyekiti wa soko kwa kutupa hii nafasi. Leo siongei malaria, leo naongea kwapa. Naona mshaanza kuangaliana, ila nivumilieni, kwa sababu hapa Busia nimewaona watu wengi wanaingia kliniki mkono wameutenga na mwili hivi, ukimuuliza anakwambia ni jipu tu musawo, yaani daktari, ukimuuliza ni la ngapi hilo ananyamaza.

Sasa hapo kwenye la ngapi ndo penye mambo yote. Jipu la kawaida linakuja, linavimba, linatoa usaha, linakauka, yameisha. Lakini likirudi palepale, au likahamia kwapa la pili, au kwenye kinena, au chini ya matiti, mara 2 au zaidi ndani ya miezi 6, hilo tena siyo jipu la kawaida. Ni ugonjwa wenye jina lake, unaitwa hidradenitisi sapurativa. Jina gumu najua, msihangaike nalo, shikeni tabia yake tu: unarudi.

Huu ugonjwa haujaanza jana. Mfaransa mmoja daktari wa upasuaji, Velpeau, aliuelezea mwaka 1839, halafu mwenzake Verneuil mwaka 1854 akasema ni tezi za jasho zinaoza, na madaktari wakaja kufundishwa hivo zaidi ya miaka 100. Siku hizi tunajua shida inaanzia kwenye shimo la unywele. Shimo linaziba kwa ngozi ya ndani inayojaa, linavimba, halafu linapasukia ndani kwa ndani chini ya ngozi, na vile vilivyomo ndani vikimwagika mwili unavishambulia kama adui, ndo unaona wekundu, joto, maumivu, usaha. Tezi ya jasho iko hapo jirani tu, inaungua na wenzake. Kwa hiyo dada yangu unayeoga mara tatu kwa siku na bado linatoka, unayeambiwa nyumbani ati hujisafishi, sikia kutoka kwangu: siyo uchafu, siyo jasho la kubeba mizigo, hujarogwa na wala humwambukizi mtu. Mkilala kitanda kimoja hapati, mkitumia beseni moja hapati.

Ukitaka kujua, inua mkono kwenye mwanga mzuri uangalie kwa kioo. Mara nyingi utaona vidoa vyeusi vidogo viwili viwili vimekaa pamoja, hata siku ambazo hakuna jipu. Pitisha kidole polepole, kwa aliyeugua muda mrefu utasikia kama kamba ngumu chini ya ngozi, hilo ni kovu, na saa ingine ukibonyeza hapa usaha unatokea kule. Hapo ujue mifereji imeshachimbwa chini. Ni kama fuko kwenye shamba la muhogo, unaziba tundu hili anatokea lile. Ndo maana wale wanaopasuliwa kila mara kwa wembe au hata kwa kisu cha hospitali wanapata nafuu siku chache halafu linarudi, kwa sababu umetoa usaha lakini mfereji umeuacha. Ikifikia hatua ya mifereji kuna opareshen nyingine, daktari anaufungua mfereji wote juu unabaki wazi upone kuanzia chini, hiyo ndo inasaidia kweli.

Jamani mnavyovifanya navijua. Ndimu, chumvi, dawa ya meno, majivu, kukamua na kucha, halafu unaenda duka la dawa unanunua vidonge vinne vya antibayotiki, unakunywa viwili ukisikia nafuu unaacha. Naomba muache. Likiwa linauma weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu, vaa nguo ya pamba isiyobana, usipake deodoranti kwenye ngozi iliyochubuka, halafu njoo. Kama ni mwanzo mwanzo kuna dawa ya kupaka ya klindamaisini, ikizidi kuna doksisaiklini ya kumeza kwa wiki nyingi, hata miezi 3, ila mjamzito hapewi hiyo, tuambie kama una mimba. Saa ingine tunatumia rifampisini, ile ile ya TB, na hii nawaambia kwa uchungu msijinunulie, kwanza lazima tuhakikishe huna TB, halafu inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na kipandikizi, na inagongana na baadhi ya dawa za VVU. Kuna dawa za sindano zenye nguvu pia, moja inaitwa adalimumabi, imekubaliwa Marekani kwa huu ugonjwa tangu 2015, bei yake ndo shida. Sigara na uzito vinauchochea, ukiweza kuacha sigara acha, ila nimewaona wembamba wasiovuta wanaugua, kwa hiyo tusinyosheane vidole. Na tupime kisukari.

Sasa siyo kila kinachouma kwapani ni hiki. Mama aliyejifungua juzi, maziwa yanapoingia anaweza kuvimba kwapani kwa sababu titi lina mkia unaofika huko, hilo siyo jipu, asikubali mtu amtumbue! Kuna mitoki inayotokana na kidonda cha mkono, au TB, au VVU. Na uvimbe mgumu usiouma, unaokua taratibu, huo ndo mimi unanitisha kuliko unaouma, kwa sababu saratani ya titi inaweza kujitokeza kwapani. Huo usiusubirie hata mwezi. Na ukiwa na homa, wekundu unatambaa, njoo siku hiyo hiyo.

Hata huko Ulaya watu wamekaa kama miaka 7 kabla ya kuambiwa wanaumwa nini, sababu moja ni aibu hii hii. Mtu anaacha kwenda kanisani, anaacha kuinua mkono kupanga bidhaa, nguo zinalowa usaha, anakaa pembeni peke yake. Inaniuma sana kwa sababu mapema ingetulizwa.

Haya, maswali. Kijana wa boda anauliza kunyoa. Likiwa limevimba usinyoe kabisa, wembe unachubua, ukitaka punguza kwa mkasi tu. Ndio mama wa samaki? Binti yako wa miaka 14 limeanza kumtoka na wewe unalo tangu usichana? Inatokea, karibu theluthi ya wagonjwa wana ndugu mwenye shida hiyo hiyo. Mlete wiki hii kabla makovu hayajashika, asikamue, asipasuliwe na mtu mtaani, na ukija naye usibaki nje kwenye benchi, ingia nikuangalie na wewe.