Tanki la mvua Dodoma: hesabu kiangazi kwanza

Ndugu zangu, habari za mchana. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, kisha miezi saba mikavu. Kwa hiyo kabla hujaenda dukani, jiulize tanki litakaa siku ngapi bila kuongezewa tone.

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 60 za mraba (pima chini, pamoja na upenu, usifuate mteremko wa bati) kwa mvua ya milimita 550, ukitoa asilimia 20 inayopotea, linakupa lita 26,400. Ni maji mengi, ila tanki la kuyabeba yote ni ghali mno. Sasa watu watano, kila mmoja lita tano za kunywa na kupikia, kwa siku 210 wanahitaji lita 5,250. Simtanki la lita 5,000 linakaribia kabisa. Lakini wakiogea na kufulia humohumo, lita 100 kwa siku, Juni haiishi limekauka. Nawasihi, maji haya yawe ya jikoni.

Gata (mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa) lishuke sentimita moja kila mita, vishikizo vyake visiachane zaidi ya sentimita 60. Likilegea katikati, maji husimama, majani huoza na mbu huzaliana.

Mvua ya kwanza huosha vumbi na kinyesi cha ndege, kwa hiyo lita 30 za mwanzo zisiingie tankini. Hapa mafundi wengi hukosea: ili kuyanasa maji hayo ya mwanzo wanaweka kipande cha nusu mita cha bomba la inchi nne, ambacho hubeba lita nne tu. Tumia la inchi sita, karibu mita mbili, lisimame wima kabla ya tanki. Chini weka kizibo cha kufungua, kitobolewe tundu dogo ili bomba lijimwage lenyewe mvua ikikatika.

Tanki likijaa lina uzito wa tani tano. Lisimame juu ya zege lililosawazishwa. Kokoto moja chini yake inaweza kupasua kitako. Bomba la kutolea maji ya ziada liwe na upana uleule wa la kuingizia, lenye wavu, lipeleke maji mbali kwenye mipapai, la sivyo yatakula udongo chini ya msingi.

Ya kunywa bado yachemsheni.