Nani Anahesabiwa wa Kawaida? Utajiri na Hadhi ya Kijamii katika Vyuo Vikuu Mashuhuri vya Umma vya Marekani

Waheshimiwa wahadhiri, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Mwaka 1879 James B. Angell, rais wa Chuo Kikuu cha Michigan, alitoa hotuba ya kutetea elimu ya juu iliyo wazi kwa kila mtu, na kutoka kwake chuo hicho kimerithi kauli kinayoirudia hadi leo, kwamba kazi yake ni kumpa mtu wa kawaida elimu isiyo ya kawaida. Angell hakuwa peke yake katika fikra hiyo. Sheria ya Morrill ya mwaka 1862 ilikwisha kuyapa majimbo ardhi ya kugharimia vyuo vya kilimo na ufundi (ardhi ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa mataifa ya wenyeji, jambo ambalo si haki kulipita kimya), na sheria iliyoanzisha Chuo Kikuu cha California mwaka 1868 ilikusudia wakazi wa jimbo wasome bila ada. Chuo cha umma, kwa msingi wake, kilikuwa ahadi ya jimbo kwa watu wake.

Ninalotaka kulieleza jioni hii ni hili: katika vyuo vya umma vyenye sifa kubwa kabisa, utajiri hauishii kuamua nani anaingia. Unaamua pia nani, akishaingia, anahesabiwa kuwa mwanafunzi wa kawaida.

Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na mwanauchumi Raj Chetty walitoa takwimu zilizotokana na kumbukumbu za kodi, zikionyesha kipato cha familia za wanafunzi wa karibu kila chuo nchini humo. Michigan, kipato cha kati cha familia kilikuwa dola 154,000 kwa mwaka, yaani nusu ya wanafunzi walitoka katika nyumba zenye zaidi ya kiasi hicho, nacho kilizidi mara mbili na nusu kipato cha kati cha kaya za Marekani. Asilimia 66 ya wanafunzi walitoka katika fungu la juu kabisa, lile la asilimia 20 ya familia zenye kipato kikubwa zaidi. Waliotoka katika fungu la chini la ukubwa huohuo hawakufika hata asilimia 4. Chuo Kikuu cha Virginia, kilichoasisiwa na Thomas Jefferson mwaka 1819, kilikuwa na sura hiyohiyo. Hivi si vyuo binafsi vilivyojengwa kwa ajili ya watoto wa matajiri. Ni mali ya umma, na mlipakodi anayefagia ofisi usiku anavichangia kama anavyovichangia mwenye ofisi hiyo.

Takwimu, hata hivyo, hazitwambii maisha ya chuoni yakoje. Kwa hilo naona tukio la Michigan la mwaka 2018 lina mafunzo zaidi. Serikali ya wanafunzi ilitoa mwongozo wa kuwasaidia wenzao kubana matumizi, na miongoni mwa ushauri uliokuwamo ni kupunguza gharama za huduma kama usafi wa nyumba na kufuliwa nguo. Walioandika hawakuwa na nia mbaya. Walitaka kusaidia, na naamini walisaidia kwa kadiri ya walichokijua. Lakini mwanafunzi anayefanya kazi kantini ili alipe pango alisoma ushauri huo akatambua kwamba, katika fikra za wenzake, hata mtu mwenye shida ya fedha ni mtu mwenye mfanyakazi wa kumpunguza. Wanafunzi wenye kipato kidogo wakajibu kwa kuanzisha waraka wao mtandaoni, uliohusu maisha ya asiye tajiri chuoni hapo, ambao kila mwenye ujuzi aliruhusiwa kuuongezea. Humo walielezana namna ya kupata nyumba, chakula na msaada bila fedha nyingi. Waraka ukakua hadi kurasa nyingi, na wanafunzi wa vyuo vingine wakaanzisha ya kwao.

Kilichofichuka hapo si umaskini, kwa maana kila mtu alijua upo. Kilichofichuka ni ukimya. Ujuzi wa kuishi bila fedha ulikuwa umetawanyika, kila mmoja akiuficha kwa aibu, kwa sababu hadhi ya kijamii ilikuwa imekwisha kumweka mwenye nacho katikati na wengine wote pembeni. Hakuna anayefukuzwa kwenye chama cha wanafunzi kwa kuwa maskini. Kuna ada ya uanachama tu, na mavazi, na safari za likizo ambazo marafiki huzipanga wakiwa mezani. Hakuna anayekatazwa kufanya mafunzo kazini yasiyo na malipo katika jiji kubwa. Yanahitaji tu mzazi wa kulipa pango la miezi mitatu. Mwanafunzi anayekataa mara kwa mara bila kutaja sababu huonekana mtu asiyependa watu, na urafiki anaoukosa ndio huohuo ambao baadaye huwa njia ya kupatia kazi.

Kwa nini vyuo vyenyewe vimeiacha hali hii ikue? Sababu moja ni fedha za serikali za majimbo, ambazo zilipopungua, hasa baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008, zilivifanya vyuo vingi vitafute wanafunzi kutoka nje ya jimbo wanaolipa ada mara tatu au zaidi ya mkazi. Sababu nyingine ni heshima ya kujuana. Mwaka 2020 mkaguzi wa jimbo la California alibaini kwamba vyuo vya mfumo wa Chuo Kikuu cha California vilikuwa vimewadahili isivyostahili waombaji 64 kwa kujuana na wafadhili au wafanyakazi. Idadi ni ndogo, lakini kila nafasi ilikuwa na mwenyewe aliyeistahili. Virginia ilipopiga marufuku mwaka 2024 upendeleo kwa watoto wa wahitimu katika vyuo vyake vya umma, ilikubali kwamba jina la ukoo lilikuwa na uzito ambao halikupaswa kuwa nao.

Mambo yanaweza kubadilika, na kwa gharama ndogo kuliko tunavyodhani. Kuanzia mwaka 2015 Michigan iliwatumia baadhi ya wanafunzi hodari wa familia zenye kipato kidogo jimboni barua iliyowaahidi miaka minne bila ada ikiwa wangedahiliwa. Wengi wao wangepata msaada kama huo hata bila barua. Kilichobadilika ni kwamba sasa waliujua mapema na kwa uhakika. Mwanauchumi Susan Dynarski na wenzake walipowalinganisha na wasiopata barua, waliona kwamba walioomba kujiunga walipanda kutoka asilimia 26 hadi 68, na waliojiunga kutoka asilimia 12 hadi 27. Vijana hawa walikuwa na uwezo siku zote. Sifa ya chuo ndiyo iliyokuwa imewaambia kwamba si mahali pao.

Lakini barua ile inamfikisha mtu mlangoni. Chuo kinachohesabu kwa makini kipato cha wanaodahiliwa kinaweza vilevile kuhesabu, kwa kipato, nani yumo katika vyama vyenye ada kubwa, nani amefanya mafunzo kazini yasiyolipwa, nani anaishi umbali wa saa nzima kwa basi, kisha kitangaze matokeo hayo kila mwaka kwenye ukurasa uleule kinapotangaza nafasi yake katika orodha za vyuo bora.