Mashine Haianzi na GB Ngapi
(Mazungumzo na vijana wanaojifunza ufundi wa kompyuta, Nairobi)

Hamjambo. Wa nyuma sogeeni, viti vya mbele havilipiwi.

Niliombwa nizungumzie kuongeza ramu (RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kwenye laptopu, na aliyeniomba akacheka akasema, "Hiyo si ni kazi ya dakika kumi, fundi?" Ni kweli, kufungua kifuniko na kubonyeza ni dakika kumi. Kazi yenyewe hufanyika kabla bisibisi haijatoka mfukoni. Najua shuleni mliiita kipakatalishi. Mimi sijapata mteja aliyeingia kwangu akilia kwamba kipakatalishi chake kimekwama, kwa hiyo leo tuseme laptopu tu.

Ukiingia Luthuli Avenue, kwenye maduka ya elektroniki, ukiulizia ramu, utaulizwa, "Ya GB ngapi?" yaani gigabaiti, ukubwa wake. Na wewe utajibu "nane," ulipe, uende zako. Balaa huanzia hapo. Bodi, ule ubao mkuu wa saketi ndani ya laptopu, ina maswali yake, na hilo la GB haliji la kwanza. Kwanza inataka kujua: wewe ni wa kizazi gani?

Vizazi vya ramu huitwa DDR na namba yake. DDR3 ya laptopu ina pini 204, DDR4 ina 260, DDR5 ina 262. Lile pengo lililokatwa ukingoni huhamishwa makusudi toka kizazi hadi kizazi, ili ramu isiingie mahali pasipo pake. Kwa hiyo ikikataa kuingia, usiongeze nguvu. Nimewahi kuletewa tundu lililopasuka kwa sababu mtu aliamini hajabonyeza vya kutosha. Halafu tazameni hizi ex-UK, laptopu zilizotumika kutoka Uingereza, zilizojaa mjini. HP EliteBook 840 G2 inatumia DDR3L, 840 G3 inatumia DDR4. Majina yanafuatana na sura zinakaribiana, lakini ramu ya huyu haiingii kwa yule. Wengi wananunua kwa kukumbuka jina tu.

Hayo ni mepesi, kwa maana pengo litakukatalia mapema. Linalonikosesha usingizi ni hiyo herufi L.

DDR3 ya kawaida inakula volti 1.5. DDR3L inakula 1.35. Pini ni zile zile, pengo liko pale pale, na zote zinaingia bila shida! Sasa sikilizeni nilivyoumbuka. Mwalimu mmoja wa kike kutoka Kayole aliniletea laptopu yenye kichakataji cha Intel kizazi cha 4, zile za umeme mdogo. Nikampachikia GB 8, nikabonyeza swichi. Taa ikawaka, feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi tii. Nikatoa, nikarudisha. Nikasugua meno ya ramu kwa kifutio cha penseli. Nikaanza kuilaumu bodi. Mwalimu amekaa kwenye stuli, mkoba mapajani, ananitazama. Baada ya kuhangaika saa nzima tatu, akaniuliza kwa upole, "Fundi, hicho kikaratasi ulichokibandua na hicho ulichokiweka, mbona havifanani?" Cha zamani kiliandikwa PC3L, yaani DDR3L. Changu kiliandikwa PC3, yaani DDR3 ya kawaida. Mwalimu, jamani. Kazi yake ni kusahihisha vitabu vya watoto, akanisahihisha na mimi.

Mashine za aina ile hutoa volti 1.35 tu, basi. Mwenye L anaweza kukaa hata kwenye nyumba ya volti 1.5, lakini asiye na L hana pa kukaa kwenye nyumba ya 1.35. Ukiwa na shaka, nunua yenye L.

Kuna mtego mwingine ambao hata wauzaji wengine hawaujui. Ramu mbili za DDR3L, zote zimeandikwa GB 8, zote PC3L-12800, yaani kasi ya 1600. Moja inasoma, nyingine inakataa katakata. Hesabuni vile vipande vyeusi, pande zote mbili. Penye vipande 16, kila kimoja kimebeba gigabiti 4. Gigabiti, si gigabaiti: 16 mara 4 ni 64, gawanya kwa 8, maana baiti moja ni biti 8, unapata GB 8. Penye vipande 8 tu, kila kimoja kimebeba gigabiti 8, na mashine nyingi za Intel kabla ya kizazi cha 5 hazijui kuvisoma. Kwa DDR4 msiwe na wasiwasi, huko vipande 8 kwa GB 8 ni jambo la kawaida.

Kuchanganya kasi je? Hapo hamna makuu. Ukiweka ya 2400 na ya 3200 pamoja, kwa kawaida zote zitakwenda 2400, kama matatu iliyokwama nyuma ya mkokoteni Jogoo Road. Lakini vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana, na mashine ikianza kuzimika ovyo, jaribu moja moja kwanza.

Na Windows ya biti 32 haitavuka GB 4 hata ukiipa 16. Mteja atadhani umemwibia, kwa hiyo mwambie mapema.

Swali? ... Ndiyo, wewe wa shati la kijani. Anauliza: ukinunua na mashine ikakataa, duka litakubali kurudishiwa? Ndugu yangu, hayo kubalianeni kabla ya kulipa. Mimi hubeba laptopu yenyewe hadi kaunta. Tunazima, tunachomoa chaja, tunatenganisha betri, tunapachika, tunawasha pale pale. Ikiwa ni DDR5, ipe dakika kadhaa, maana mara ya kwanza inaweza kukaa na kioo cheusi ikijipima, usikimbilie kuizima. Ikiamka, kama ni Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufungue Task Manager, nenda Performance, fungua ukurasa wa memori, usome kasi na nafasi zilizotumika. Ukurasa huo huo unaweza kukudokezea pia kama ramu imelehemiwa kwenye bodi, lakini usiutegemee peke yake. MacBook Air, kwa mfano, haijawahi kuwa na ramu ya kubadilishwa tangu ilipotoka 2008. Mteja wa namna hiyo usimchukulie hata shilingi ya kufungua.

Haya, mezani kuna mashine tatu. Moja ramu yake imelehemiwa, moja ni ya L, moja ni DDR4. Njooni mniambie ipi ni ipi, na skrubu isiguswe kwanza.