Moyo unapopoteza mpangilio

Shikamooni wakubwa, vijana, hamjambo? Nafurahi kuona wengine mmetoka Kongwa na Bahi.

Tuanze na vidole. Weka cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, usikie mshipa. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Ila leo sishughuliki sana na idadi. Nauliza: mapigo yanakuja kwa mpangilio?

Katika chumba cha juu cha kulia cha moyo kuna kifungu kidogo cha seli kinachoanzisha umeme wa kila pigo. Wanasayansi wa Uingereza, Arthur Keith na Martin Flack, walikieleza mwaka 1907. Mmeona muheme, ngoma ya Wagogo: mama anayeongoza akipiga, ngoma zote zinamfuata. Sasa kila mpigaji aanze lake! Ndivyo vyumba vya juu vinavyopapatika. Damu inatuama humo, inaganda, na bonge likifika kwenye ubongo, hicho ni kiharusi.

Ulaya tatizo hili la moyo kupapatika ni la wazee zaidi. Kwetu linampata hata mama kijana. Mara nyingi lilianzia utotoni, kwenye maambukizi ya koo ya bakteria wa streptokoki ambayo hayakutibiwa. Ikafuata homa ya rumatiki, inayoshambulia moyo baada ya koo; vali, yaani mlango wa kupitishia damu ndani ya moyo, ikasinyaa, chumba cha juu kikatanuka.

Dawa ya kuzuia damu isigande ni wafarini. Ni ya zamani na ina usumbufu, kwa sababu lazima upimwe INR, yaani kipimo cha muda damu inaochukua kuganda, mara kwa mara. Zilipokuja dawa mpya kama rivaroksabani, zisizodai kipimo hicho, wengi wetu tulitamani zishinde. Lakini tafiti zake kubwa za mwanzo ziliwaacha nje watu wenye vali iliyosinyaa sana, yaani wagonjwa wetu hasa! Utafiti wa INVICTUS, uliochapishwa 2022, ndio uliowaingiza: watu zaidi ya 4,500, nchi 24, Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wengi wao wanawake. Rivaroksabani ilishindwa. Waliopewa dawa za jamii ya wafarini walikufa wachache zaidi, na hawakuvuja damu zaidi.

Kwa hiyo INR tutaendelea nayo, na hapo ndipo mlenda unapoingia. Mboga za majani zina vitamini K, inayopunguza nguvu ya wafarini. Sikatazi mlenda, nani atanisikiliza Dodoma? Naomba tu kiwango kisiyumbe. Usile bakuli kila siku wakati wa mvua, kisha kiangazi ukaacha kabisa, bila kumwambia anayekupima.

Akina mama, hili msilisahau: wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Ukipanga kubeba mimba, au ukikosa siku zako, njoo upesi tupange dawa upya. Usiiache kimyakimya nyumbani, maana damu inaweza kuganda wakati huohuo.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, mama, uliza.