Desturi Isiyojua Kwamba Dunia Imekwisha: Mhadhara kwa Wachoraji wa Kigoma

Mabibi na mabwana, na hasa ninyi vijana wa Kigoma mnaochora, nimeombwa nizungumzie jambo linaloifanya katuni ya kutisha, ile inayosimulia maisha baada ya ulimwengu kuangamia, imkoseshe msomaji utulivu hata akishaifunga. Wengi hujibu upesi kwamba ni maiti na magofu. Mimi siafiki, kwa kuwa jicho huzoea, na maiti wa ukurasa wa thelathini hana nguvu aliyokuwa nayo yule wa ukurasa wa tatu. Hofu inayodumu hutokana na desturi tunayoifahamu, inayoendelea kutekelezwa ilhali sababu yake imekwisha kufa.

Mtazameni Mjapani Kazuo Umezu, ambaye katika mfululizo wake wa katuni, The Drifting Classroom, uliotoka kati ya 1972 na 1974 aliihamisha shule nzima ya msingi, pamoja na walimu na watoto wake, hadi kwenye jangwa la wakati ujao. Walimu, ambao watoto waliwategemea, ndio wanaoshindwa mapema, na mtu aliyekuwa akiwaletea chakula cha mchana anakihodhi na kuwatawala kwa njaa. Mazimwi yamo pia, lakini kwangu hayamfikii bwana huyo, kwa sababu watoto walizoea kumpokea kwa furaha na sura yake haikubadilika ili kuwaonya.

Robert Kirkman naye, katika The Walking Dead iliyotoka Marekani kuanzia 2003 hadi 2019, aliwaacha wafu wanaotembea wawe kama hali ya hewa, akaelekeza macho yetu kwa walio hai. Kurasa zake ni nyeusi na nyeupe, hivyo damu na kivuli hutoka katika wino mmoja, na msomaji hulazimika kukagua kila pembe ya fremu.

Katuni ina silaha ambayo filamu haina. Fremu moja ikionyesha panga lililoinuliwa, na inayofuata mlango uliofungwa, pigo lenyewe hulimalizia msomaji katika uwazi ulio baina ya fremu hizo, tena huugeuza ukurasa kwa mkono wake mwenyewe ili aone matokeo. (Anayesoma kwenye simu hageuzi ukurasa, basi mchoraji wake humcheleweshea jambo kwa nafasi tupu ndefu.)

Sasa turudi hapa mwisho wa reli. Msiichore stesheni yetu ikiwa imebomoka, maana gofu halimshangazi mtu. Ichoreni ikiwa imefagiwa, karani akiwa dirishani, watu wamepanga foleni kwa adabu, na majani yamefunika reli iliyofika hapa 1914. Choreni akina mama wa Kibirizi wakigeuza dagaa juani, na fremu ya pili ituonyeshe kwamba mchanga ni mtupu. Hata meli ya Liemba, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927, itatisha zaidi ikisubiri abiria gatini kuliko ikilala chini ya maji.

Viputo vya maneno vizungumzie nauli na mizigo. Asiwepo mhusika wa kueleza kilichoangamiza dunia, kwani akishaeleza, msomaji hupata wa kumlaumu na kutulia. Na karani, kila anapoulizwa treni itafika saa ngapi, ataje saa kamili, bila kusita.