Chemshabongo za mtandaoni darasani: muda, majibu ya uongo na kadi za karatasi

Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Naanza na hesabu, maana ndiyo itakayotuonyesha michezo hii inamzawadia nani.

Kahoot, programu ya chemshabongo ambayo wanafunzi huijibu kwa simu, iliyotoka Norway mwaka 2013 na ambayo wengi wenu mmeshaiona, hutoa hadi alama 1,000 kwa swali moja, lakini huzipunguza kadiri mwanafunzi anavyochelewa. Huchukua sekunde alizotumia, ikazigawa kwa muda wote wa swali, ikagawa tena kwa mbili, kisha ikakata sehemu hiyo ya zile 1,000. Swali likiwa la sekunde 20, aliyejibu sahihi kwenye sekunde ya 2 anapata 950. Aliyejibu sahihi kwenye sekunde ya 18 anapata 550. Sasa pigeni hesabu ya maswali kumi. Mwepesi wa vidole aliyepata sita ana 5,700. Mtaratibu aliyepata yote kumi ana 5,500. Aliyekosa manne anashangiliwa, na aliyepata yote anampigia makofi.

Dawa ni kuongeza muda, basi. Swali lilelile mlipe sekunde 60: yule wa sekunde ya 2 anapata 983, yule wa sekunde ya 18 anapata 850. Kwa maswali kumi, mwepesi wa sita anaishia karibu 5,900 na mtaratibu wa kumi anafika 8,500. Wapo wanaoogopa kwamba sekunde 60 zitalipooza darasa. Hazilipoozi, kwa sababu wote wakishajibu swali hujifunga lenyewe. Muda mrefu ni ruhusa tu ya kufikiri. Kwa maswali ya kukokotoa mnaweza hata kuzima alama kabisa. Na ule muziki wa kusubiri, naomba uzimwe watoto wakiwa wanakokotoa. Haumsaidii mtu.

Haya, tuje kwenye swali lenyewe, kwa sababu hapo ndipo kazi ya mwalimu ilipo na ndipo panapoharibika mara nyingi. Kahoot inakupa nafasi ya herufi 120 kwa swali na 75 kwa kila jibu. Kwa Kiswahili nafasi hiyo huisha upesi, hivyo andikeni kwanza kwenye daftari, mkate maneno, ndipo muingize. Swali refu la ramani au la habari ya ufahamu liandikwe ubaoni, na kwenye programu libaki ulizo tu.

Chukueni mfano huu: 1/4 + 1/3 ni ngapi? Jibu ni 7/12. Sasa majibu mengine matatu yatoke wapi? Mwalimu mwenye haraka ataweka 5/9, 3/8 na 11/20, yaani namba zilizookotwa tu. Mwanafunzi akichagua 3/8, umejua nini juu yake? Hakuna. Weka 2/7: huyo amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Weka 1/12: huyo amezidisha badala ya kujumlisha. Weka 2/12: huyu amepata Kigawe Kidogo cha Shirika vizuri kabisa, ila amesahau kubadilisha viasi. Watatu hawa wote wamekosa, lakini kila mmoja anahitaji somo lake. Yule wa 2/12 amebakiza hatua moja. Yule wa 2/7 hajaelewa asili ni kitu gani. Grafu ya idadi ya waliochagua kila jibu ikitokea kwenye skrini inakuwa kama kipimo cha maabara: inakuonyesha ugonjwa na kiasi chake.

Majibu ya uongo mtayapata wapi? Kwenye madaftari ya wanafunzi wa mwaka jana. Msiyatunge kichwani, kwa sababu sisi tuliokwisha kuelewa hatukosei kama wanavyokosea wao. Kidokezo kingine: majibu yote yawe na urefu unaolingana. Wanafunzi wanajua zamani kwamba jibu refu lenye maelezo mengi ndilo la mwalimu. Na epukeni «yote hapo juu ni sahihi», kwa kuwa halimwambii mwalimu kitu.

Grafu ikishatokea, msibonyeze kuendelea. Kwanza hesabuni waliobahatisha. Swali lenye majibu manne humpa asiyejua kabisa nafasi moja kati ya nne. Darasa la watu 60 likitoa majibu sahihi 24, msiseme asilimia 40 wanajua. Kama wasiojua wamebahatisha tu, wanaojua ni kama 12. Wale 12 wengine wamebebwa na bahati kutoka kwenye kundi la 48. Asilimia 40 kwa kweli ni asilimia 20.

Kisha waacheni wazungumze. Profesa Eric Mazur wa Harvard, aliyeanza kufundisha fizikia kwa njia hii mwaka 1991, ana kanuni inayofaa kuikariri: waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, mwache kila mmoja amshawishi jirani yake, kisha wapige kura upya. Wakiwa chini ya 30 hakuna wa kumfundisha mwenzake, rudini ubaoni. Wakizidi 70, elezeni kwa ufupi mwendelee. Mazungumzo yachukue dakika mbili au tatu, na kwenye raundi hiyo jibu sahihi lisiwe limeshaonyeshwa. Kahoot huonyesha jibu papo hapo, kwa hiyo swali la pili libadilishwe namba: 1/2 + 2/5, yenye majibu 9/10, 3/7, 2/10 na 3/10. Makosa ni yaleyale, namba ni mpya. Mkiuliza sababu, msimtaje mtu. Ulizeni, «Aliyechagua 2/7 alifikirije?» Mikono itainuka, hata ya wasiochagua.

Mtaona kwamba maswali 20 hayaingii kwenye kipindi cha dakika 40. Ondoeni dakika 10 za kuingia na kutulia, zibaki 30. Maswali 20 yanakupa dakika moja na nusu kila moja, sekunde 60 za kujibu zikiwemo. Maswali sita yanakupa dakika tano kila moja. Mimi nasema sita, na mawili kati yake yawe ya mada za mwezi uliopita. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwasomesha wanafunzi habari fupi. Kundi moja likairudia kwa kuisoma, jingine kwa kuikumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja waliojikumbusha walibaki na 56, na waliosoma tena wakashuka hadi 42. Nguvu ya chemshabongo ni hiyo ya kuvuta jambo kutoka kichwani. Rangi na vinara ni mapambo.

Sasa vifaa. Chuoni, ambako kila mwanachuo ana simu, kinachokwamisha ni mtandao. Simu ya mwalimu ikigawa intaneti, nyingi huishia kwenye vifaa kumi au chini ya hapo. Cha kumi na moja kinagoma, na watu wanadhani programu ni mbovu. Wapangeni watatu kwa simu moja. Wakiwa wanne, mmoja anabonyeza na wawili wanatazama dirishani. Picha na video ndizo zinazokula bando. Maandishi hayali kitu. Mtandao ukiwa wa kusuasua, Wayground, programu nyingine ya chemshabongo ambayo hadi 2025 iliitwa Quizizz, inafaa zaidi: swali linakaa kwenye simu ya mwanafunzi, kila mtu anakwenda kwa mwendo wake, saa inaweza kuzimwa, na mpangilio wa maswali unaweza kuchanganywa ili jirani asinakili. Ubaya wake ni kwamba darasa haliko kwenye swali moja, hivyo yale mazungumzo ya Mazur yanakuwa magumu.

Majina nayo ni tatizo. Ukiwaachia, utaletewa «Simba wa Yuda» na matusi mawili. Waambieni waandike namba ya mahudhurio na jina la kwanza, mfano «07 Neema». Asiyefuata, bonyeza jina lake kabla mchezo haujaanza, ataondolewa. Bila hivyo ripoti mtakayopakua baadaye haitakuwa na mwenyewe.

Kwa sekondari, ambako shule nyingi za Tanzania na Kenya haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, jawabu langu ni Plickers. Simu inayohitajika ni moja, ya mwalimu. Kila mwanafunzi anashika kadi ya karatasi yenye mchoro na namba yake. Pande nne zina A, B, C na D kwa herufi ndogo, na jibu ni herufi anayoielekeza juu. Kwa kuwa kila mchoro ni tofauti, jirani hawezi kuigiza. Seti ya kawaida ina kadi 40, ile kubwa ina 63. Chapeni kwenye karatasi ngumu. Msiziwekee plastiki ya kung'aa, kwa sababu mwanga wa dirisha hurudi kwenye kamera na kadi haisomeki. Kidole kikifunika mchoro pia haisomeki. Washike kwenye kingo. Simameni mbele, simu ipite safu kwa safu taratibu, na wa nyuma wainue kadi juu ya vichwa. Jina la kila aliyesomwa hutokea kwenye simu, hivyo aliyebaki mtamwona. Projekta si lazima: swali liandikeni ubaoni.

Siku ya kwanza darasa zima hugeuza kadi kichwa chini, kwa hiyo anzeni na swali la mazoezi lisilo na somo. Kadi ziko kwenye meza ya kona, namba 1 hadi 40. Chukueni kila mtu moja, shikeni kwenye kingo, elekezeni A juu.