Ujumbe si hela

Nimelisema hili Mwanjelwa, nikalisema Uyole, na leo nalirudia kwa sababu wiki hii binti mwingine amekuja kwangu analia. Ujumbe wa simu unaosema umelipwa si hela, jamani. Hela ni salio.

Kuuza kwa WhatsApp na Instagram wote mnakujua, sianzii huko. Naanza na mchele wangu.

Mteja wa Dodoma aliagiza kilo 50 za mchele wa Kyela, shilingi 150,000 pamoja na nauli ya mzigo. Nikafika stendi alfajiri, baridi yetu ile ya Mbeya ya Juni, vidole havikunjiki. Simu ikaita mlio wa ujumbe: "Umepokea 150,000 kutoka kwa", jina lake, namba ya muamala, saa, mpaka salio jipya. Hapo hapo akapiga: "Mama, umeiona? Basi lisiuache mzigo, kesho nina shughuli." Konda naye anagonga bodi, tunaondoka. Nikaandikisha mzigo, nikamtumia mteja namba ya basi.

Jioni nikaenda kwa wakala nitoe hela ya mwenye mashine ya kukoboa. Wakala akaniangalia. "Mama, humu kuna 4,200."

Nikapiga ofisi ya basi: mzigo ulichukuliwa saa tisa. Namba ya mteja haipatikani.

Nikaufungua tena ule ujumbe. Ulitoka kwenye namba ya kawaida inayoanza na 07, siyo kwenye jina la huduma. Na salio jipya liliandikwa 150,000 kamili, wakati ndani nilikuwa na 4,200 tangu jana yake. Ilitakiwa isome 154,200! Mstari wa mwisho kabisa, na sikuufikia.

Najua mtasema, "Mama, nikianza kukagua mteja atachukia, atakwenda kwa jirani." Humkagui yeye, unakagua salio lako. Fungua menyu, weka namba ya siri, soma. Haifiki dakika moja. Aliyelipa kweli hana cha kuogopa, anayekuharakisha ndiye wa kutazama mara mbili. Basi likiondoka, kesho kuna basi. Mwingine ataniambia mtandao ulikuwa chini. Mtandao ukiwa chini, mzigo nao ukae chini.

La pili ni huyu wa "nimezidisha, nirudishie 50,000 kwenye namba hii nyingine." Kwanza salio, hilo tumemaliza. Ikiwa imeingia kweli, usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake, warudishe wenyewe. Maana ukishatuma kwenye namba ya tatu, yule wa kwanza bado anaweza kuomba muamala wake urudishwe, na hapo umelipa mara mbili.

Namba ya tapeli itumeni kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya mamlaka ya mawasiliano (TCRA) ya kuripoti matapeli. Na msifute ujumbe wake kwa hasira! Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, lakini polisi watakuuliza ushahidi uko wapi.

Wanaotaka kulipa mzigo ukishafika: nauli ya kwenda itangulie, asiyetaka mwacheni. Na nyie wa parachichi kutoka Rungwe, la mteja anayelipa nusu halafu nusu ya pili haiji tutalikalia pale nje, naona naonyeshwa saa.